Maua ya Saa Nne Juu ya Mwamba wa Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Masuguru, Korogwe, kumtembelea mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa barazani kwake nikimenya ndizi za mchana, nikamwona binti yake wa miaka kumi na moja hivi amechuchumaa mbele ya nyumba na kopo la rangi nyeupe. Alikuwa akipaka mawe yaliyozunguka bustani yao ndogo. Kila alipofika kwenye jiwe lililofunikwa na maua yanayotambaa, aliyainua kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayeinua mkeka ili afagie chini yake, akapaka, kisha akayalaza tena juu ya rangi mbichi.

Kisu kilinitoka mkononi.

"Acha! Mwanangu, acha hapo hapo!" nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Binti alishtuka, brashi ikabaki hewani. "Kwani nimefanyaje, mama mkubwa?"

Nilimwita aje akae karibu yangu. Jibu ni refu, ndilo hili, nami nakupa na wewe kama nilivyompa yeye.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, baba na mama walikuwa wakifanya kazi katika shamba la mkonge huko Mazinde. Mimi nililelewa na bibi, mama yake mama, katika kijiji kipya kando ya barabara ya vumbi itokayo Korogwe kwenda Handeni. Nasema kipya kwa sababu kilikuwa kipya kweli. Udongo wa kuta ulikuwa haujakauka, na njia zake zilikuwa zimenyooshwa kwa kamba. Wazee waliozoea kuishi kila mmoja katikati ya shamba lake walijikuta wakisikia hata kikohozi cha jirani. Bibi alikuwa akisema kwamba huko alikotoka ukitaka kugombana na mtu ilibidi kwanza utembee, na ukifika hasira imekwisha. Hapa hasira inafika kabla hujavaa ndara.

Siku ya kugawa viwanja bibi alichelewa. Alikataa kupanda lori la kwanza, akakataa na la pili, kwa sababu alikuwa bado anahangaika na chungu. Kilikuwa chungu cha zamani, kimemeguka mdomo, hakifai tena kupikia. Ndani yake alikuwa ameweka udongo na vijiti vya maua aliyoyavunja mbele ya nyumba yake ya zamani. Alipofika na lori la tatu, chungu mapajani, viwanja vyote vya udongo mzuri vilikuwa vimekwisha. Akapewa kile ambacho hakuna aliyekitaka, mkabala na shule. Katikati yake ulikaa mwamba mrefu kupita kimo cha mtu mzima, umepasukapasuka, na kuuzunguka kulikuwa na mawe ya kila ukubwa.

Jirani yetu, ambaye hakuweza kuona jambo bila kulisemea, alikuja kutazama. "Bibi, sasa hapo utalima nini? Utapanda kokoto uvune changarawe?"

"Nitapanda nilichokuja nacho," bibi akamjibu. "Wewe kalime. Nikikosa chakula nitakuja kwako."

Shamba la mahindi na mihogo alilipata mbali, kama wengine wote. Lakini hapo nyumbani, juu ya mwamba ule, alifanya kazi ambayo mpaka leo sijaona mtu mwingine akiifanya kwa utaratibu kama wake. Kwanza alikwenda kuchukua udongo wa kichuguu, karai moja moja, akauchanganya na mavi ya mbuzi yaliyokaa mwaka mzima. Kisha akaanza kujaza nyufa. Chini ya kila ufa alipanga vijiwe vidogo ili mvua isiteremshe udongo, na juu yake akachomeka kijiti cha ua kirefu kama kidole. Hakukata kwa kisu hata kimoja, alivunja kwa vidole. Baada ya kuvunja alikilaza kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo akakipanda, na kwa siku tatu hakukipa tone la maji. "Haya hayapendi kubembelezwa," alikuwa akisema. "Ukiyabembeleza yanaoza."

Yalikuwa maua ya kutambaa, yenye majani madogo manene yaliyojaa maji, membamba kama punje ndefu za mchele. Hayakupanda juu hata mara moja. Yalikwenda chini chini, yakafuata ufa, yakafika ukingoni mwa jiwe, yakaning'inia. Baada ya misimu miwili ya mvua, mwamba wote ulikuwa umefunikwa: mekundu begani mwa mwamba, ya waridi chini yake, ya rangi ya machungwa ubavuni, na ya manjano nyuma, upande wa jiko, ambako jua lilichelewa kufika. Sisi wasichana tulichuma majani ya maua mekundu, tukayalowesha kwa mate na kuyabandika kwenye kucha, tukatembea vidole vimenyooshwa mpaka yakauke na kudondoka. Kuku na mbuzi waliyapenda pia, ndiyo maana bibi aliyazungushia matawi ya miiba, na kila mmoja wetu nguo yake ilichanwa na miiba ile angalau mara moja.

Tuliyaita maua ya saa nne, kwa sababu hayakufunguka mpaka jua limekolea. Alfajiri yalikuwa yamefumba kabisa, utadhani ni magugu. Yale ya mbele yalifunguka karibu kwa pamoja, jua likiwa limepanda, na kufikia wakati wa Alasiri yalikuwa yameanza kufumba tena. Bibi hakuwa na saa wala hakuwahi kujifunza kuisoma, lakini alijua wakati wa kurudi kutoka kisimani, wakati wa kuinjika chungu, na wakati wa kuchukua birika akatawadhe. Alitazama tu mwamba wake.

Na si yeye peke yake. Saa ya mkononi ya mwalimu mkuu ilisimama siku moja na haikukubali tena kutembea. Aliipeleka kwa fundi Korogwe mjini, akarudi nayo ikiwa vile vile, kwa sababu spea hazikuwapo. Shule yetu kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, na kengele muhimu kuliko zote ilikuwa ile ya uji. Kwa siku chache mwalimu mkuu alikisia kwa kivuli cha mlingoti wa bendera, tukala uji mapema siku moja na siku nyingine tukakaribia kuzirai. Mwishowe akanigeukia darasani.

"Wewe, mjukuu wa bibi wa maua. Katazame kama ni saa nne."

Nilikimbia, nikatazama, nikarudi nikihema. "Shikamoo mwalimu, bado. Mekundu yanataka, ya waridi hayataki."

Darasa zima lilicheka, lakini mwalimu mkuu hakucheka. Alinituma tena, na nilipoleta habari kwamba yote yamefunguka, akaenda mwenyewe kuipiga rimu. Kuanzia siku ile hiyo ikawa kazi yangu. Siku za mawingu maua yaligoma, na uji ukachelewa, na wanafunzi wakanitazama kwa chuki kana kwamba mimi ndiye niliyelificha jua.

Basi ikaja habari ya ghala. Kijiji kiliamua kujenga ghala la mahindi kwa nguvu zake chenyewe. Matofali yalifyatuliwa, miti ya paa ikakatwa, lakini mawe ya msingi yalikuwa mlimani, na trekta la kuyasomba lilikuwa limelala kwa kukosa dizeli. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kwetu jioni moja na wajumbe wawili. Alikuwa mtu mpole, tena wa ukoo wa bibi kwa mbali, na alianza mbali pia. Alisalimia, akaulizia afya, akaulizia habari za Mazinde, akasifia uji wa mtama aliopewa. Halafu akasema.

"Bibi, haya mawe. Kijiji kinayahitaji."

"Yapi?"

"Haya. Tutayavunja, tuyapange kwenye msingi. Wewe utabaki na kiwanja safi, ulime mchicha kama wenzako."

Bibi aliweka chini kata aliyokuwa ameishika. "Mlinipa mwamba, nikaupokea. Sikuwaambia nipeni kiwanja kingine. Sasa nimeuvika nguo, mnautaka?"

"Bibi, maua hayaliwi."

"Na shule mnapigia nini kengele ya uji?"

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakuwa mtu wa kumdhalilisha mama mzima, na alijua kwamba mwalimu mkuu yuko upande wa bibi. Wakavutana hivyo mpaka wakapata njia ya kati. Mkuu mmoja kutoka wilayani alikuwa anatazamiwa kuja Jumamosi ya wiki iliyofuata kukagua maendeleo ya kijiji. Ratiba ilisema atafika saa nne asubuhi. Atapitishwa mbele ya mwamba, maua yakiwa wazi. Akiyapenda, mawe yatabaki, na ghala litangoja dizeli. Akisema ni mchezo, Jumatatu yake vijana watakuja na nyundo.

"Saa nne?" bibi akauliza.

"Saa nne kamili."

"Basi hamna neno," bibi akasema, na usiku ule alilala akikoroma.

Mimi sikulala. Nilikuwa kiranja wa usafi darasani, na nilijua viongozi wanapenda nini. Nilikuwa nimeshaona wageni wawili wakija shuleni, na mara zote mbili walichosifia kilikuwa mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia. Maua hawakuwahi kuyatazama. Nilianza kuogopa kwamba mwamba wa bibi, pamoja na uzuri wake wote, ulikuwa mchafu. Una ukungu mweusi, una madoa ya kuku. Kichwani mwangu niliona mawe meupe kabisa na maua mekundu juu yake, nikaona jinsi mgeni atakavyosimama na kushika kidevu.

Ijumaa, siku moja kabla ya ugeni, bibi alipanda basi kwenda Masuguru, kwa sababu mama mdogo alikuwa amejifungua. Mtoto aliyezaliwa ni huyo huyo mdogo wangu ambaye sasa nilikuwa barazani kwake. Shuleni hatukusoma. Mawe makubwa ya chokaa yaliletwa, yakatiwa kwenye pipa na kumwagiwa maji, na pipa likachemka lenyewe bila moto, likatoa mvuke na harufu ya kukwaruza pua. Tulitengeneza brashi kwa kuponda ncha za majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Tukapaka mawe ya njia, tukapaka mlingoti chini, tukapaka miti ya uwanjani mpaka kimo cha kiuno. Ilipofika alasiri, mwalimu wa zamu akasema tumalize, na pipani kulikuwa kumebaki kama debe moja.

Niliomba lile debe. Mwalimu wa zamu akaniruhusu bila kuuliza la nini. Niliwachukua wasichana wenzangu watatu, tukavuka njia, tukaondoa miiba, tukaanza, watu wazima wakiwa bado mashambani.

Naikumbuka kazi ile kwa furaha, na hilo ndilo linaloniuma. Tulikuwa tunaimba. Mmoja aliyainua maua kwa mikono miwili, shuka zima la maua, mwingine akapaka chini yake, tukayarudisha taratibu mahali pake tukiyatandaza vizuri kwa viganja. Chokaa ilikuwa bado ya moto, vidole vilituwasha, tukavipangusa kwenye sketi na kucheka. Tulipozunguka nyuma upande wa jiko debe likaisha. Kipande cha mwisho cha maua ya manjano, kipana kama sinia, hatukukigusa. Niliona ni bahati mbaya, lakini nikajituliza kwamba mgeni hatafika jikoni.

Bibi alirudi giza likianza kuingia. Aliona weupe kabla hajauona mwamba wenyewe.

"Eh! Nani kaivisha nyumba yangu sanda?"

"Mimi, bibi. Na wenzangu. Ni kwa ajili ya mgeni."

Alikaribia, akainama. Maua yalikuwa yamefumba, kama yalivyokuwa yakifumba kila jioni, na katika mwanga ule hakuna ambaye angeweza kuona zaidi. Alinishika kichwa. "Haya, mke mwenzangu. Umechoka. Kale."

Asubuhi ya Jumamosi jua lilitoka zuri, bila wingu hata moja. Tulipangwa barabarani, darasa kwa darasa, tukiwa na matawi mikononi. Kwaya ya akina mama ilikuwa na vitenge vya sare, ngoma zilikuwa zimeshaota moto zikakaza. Mwalimu mkuu alinifanyia ishara kwa kidevu, nami nikakimbia kutazama.

Yalikuwa yamefumba. Nikarudi. "Bado, mwalimu."

Baada ya muda akanituma tena. Bado. Jua lilikuwa limetuchoma utosi, watoto wadogo wameanza kulia, kivuli cha mlingoti kimekuwa kifupi kama kiatu. "Bado, mwalimu," nikasema kwa mara ya tatu, na safari hii sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimeshagusa. Majani yale manene, yaliyokuwa yakijaa maji, yalikuwa yamelegea na kugeuka rangi ya mboga iliyopikwa jana. Nilipovuta kijiti kimoja, kilikuja chote mkononi bila kushikilia kitu.

Kwa vile mgeni naye hakuwa amefika, hakuna aliyeshangaa. Akina mama walisema kumbe ni mapema bado. Mwenyekiti alitazama mwamba kwa mbali na kusema, "Tulieni, saa nne haijafika." Watu zaidi ya mia tatu walisimama juani wakiamini hivyo. Mimi peke yangu nilijua kwamba siku ile saa nne haitafika kabisa.

Bibi alikuja kutoka ndani, amevaa kanga zake za sikukuu. Alisimama mbele ya mwamba muda mrefu. Akagusa kama nilivyogusa. Akazunguka nyuma upande wa jiko, akakaa huko kidogo, akarudi na kusimama pembeni yangu. Alinishika mkono.

Gari la mgeni lilionekana saa kumi. Tulijua ni saa kumi kwa sababu dereva wake alikuwa na saa. Waliharibikiwa na gurudumu njiani, walisema, na mahali pengine walipewa chakula. Ngoma zikalia, tukaimba kwa sauti zilizokauka, na mgeni akashuka akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Walipofika mbele ya kwetu akasimama, kama nilivyoota kwamba atasimama.

"Aah! Hapa ndipo penyewe!" Akawageukia waliofuatana naye. "Mnaona? Mwamba mzima! Nani kafanya kazi hii?"

Mwenyekiti akamsogeza bibi mbele. Mgeni akavua kofia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Habari za safari?"

"Nzuri, bibi. Ni wewe uliyepaka mawe haya?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu mkuu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, na fimbo yake tuliijua. Bibi alinibana mkono mpaka mfupa ukauma.

"Mimi," akasema. "Nimepaka mimi."

"Mwenyewe? Kwa umri huo?"

"Kwa umri huu huu."

Watu wakapiga vigelegele. Mgeni akasema kila nyumba katika kijiji ijifunze kwa bibi huyu, na kwamba ni mwiko mtu kuugusa mwamba ule. Karani wake akaandika jina la bibi kwenye daftari. Kisha wakafungua nyuma ya gari, wakatoa zawadi iliyokuwa imeandaliwa kwa mkulima bora, wakampa yeye: jembe jipya, lina rangi nyekundu bado na karatasi ya kiwandani. Yeye, mwenye kiwanja cha mawe matupu. Jirani yetu hakuweza kujizuia.

"Bibi, sasa utavuna changarawe kweli!"

Usiku nililia mpaka nikapata kwikwi. Bibi aliniacha nimalize. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua jinsi kitu kilivyotokea, si ya mtu anayetafuta wa kumlaumu.

"Mliyainua kwanza?"

"Tuliyainua, bibi. Tukapaka, tukayarudisha."

"Chokaa ilikuwa ya moto?"

"Ya moto."

"Basi mliyalaza juu ya kaa la moto." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Mgeni kaja saa kumi. Hata yangekuwa hai, saa kumi yameshafumba. Angeona magugu juu ya mawe machafu, na Jumatatu wangekuja na nyundo. Umeelewa? Mwamba umebaki kwa sababu ya chokaa yako, na maua yamekufa kwa sababu ya chokaa yako. Yote mawili ni yako. Sasa lala, kesho tuna kazi."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi, na sijaweza kuyagawa, kuchukua nusu moja na kuacha nyingine.

Kesho yake alinipeleka nyuma, upande wa jiko. Sinia la maua ya manjano lilikuwa pale pale, zima, limeanza kufunguka. Akachukua lile jembe la zawadi, akachana karatasi yake, na akaanza kukwangua chokaa. Alikwangua kwa ukingo wa jembe, mimi nikasugua kwa magunzi na maji niliyoyachota kisimani. Tulifanya hivyo kila asubuhi kabla ya shule, kiangazi chote. Mwenyekiti alisikia ule mkwaruzo, akachungulia.

"Bibi! Unakwangua usafi wa kijiji?"

"Naufua, mwanangu. Ukichafuka nitaupaka tena."

Alitikisa kichwa akaenda zake. Walikubaliana bila kusema: upande wa barabarani ulibaki mweupe kwa ajili ya wakubwa, na pande nyingine tatu zikarudi kuwa mawe. Tukajaza nyufa udongo mpya wa kichuguu. Tukavunja vijiti vya manjano, tukavilaza kivulini, tukavipanda, tukavinyima maji siku tatu. Wakati huo wote shule iliendelea kunituma kutazama, na sinia lile, kwa vile lilipata jua kwa kuchelewa, lilikuwa likifunguka saa tano. Kwa miezi kadhaa shule nzima ilikunywa uji saa tano ikiamini ni saa nne. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba watoto siku hizi wanasikia njaa upesi. Mimi na bibi tulitazamana.

Mvua zilipokuja, mwamba ulifunikwa tena pande zile tatu. Ulikuwa wa manjano mtupu, kuanzia begani mpaka chini. Bibi aliulizia mekundu kwa kila mtu aliyekuja kutoka kijiji cha zamani, lakini huko nako nyumba zilikuwa zimeanguka na mbuzi wamekula kila kitu. Mekundu hayakurudi maisha yake yote. Siku moja, akiwa ameanza kuzeeka sana, alinitazama kucha zangu nilizozipaka rangi ya dukani, akasema, "Umeyapata wapi?" Nikacheka, kisha sikuweza kuendelea kucheka.

Ghala lilijengwa baadaye, trekta lilipopata dizeli. Bibi alifariki nikiwa nimeshaolewa mbali. Mwamba wenyewe ulivunjwa miaka mingi baada ya hapo, barabara ya Handeni ilipowekwa lami. Uliingia chini ya barabara pamoja na mawe mengine ya kandokando. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumwomba ruhusa. Nikipita kwa basi najaribu kukisia ni wapi, na kila mara pananipita kabla sijaamua. Shule ina kengele ya umeme. Uji, nasikia, unapikwa na kunywewa kwa saa yake kamili, na hakuna mtoto anayekimbia kuvuka njia kuuliza maua yamesema nini. Jembe ninalo. Ukingo wake umelika kwa mawe mpaka umepinda ndani, halifai kulimia, na halijawahi kulima hata tuta moja. Na katika daftari fulani la wilaya, kama mchwa hawajalifikia, imeandikwa kwamba mawe yale yalipakwa na bibi yangu.

Binti wa Masuguru alikuwa amesikiliza yote, brashi imekauka mkononi.

"Kwa hiyo mama mkubwa, nani mwingine alijua kwamba ulikuwa wewe?"

"Wale wenzangu watatu, nao walinyamaza kwa kuogopa fimbo. Mwalimu wa zamu labda alikisia. Bibi. Na sasa wewe."

Alifikiri. Kisha akafunika kopo, akachuchumaa tena, na kwa ncha za vidole akaanza kuyabandua maua kwenye rangi, kijiti kimoja kimoja, akiyasuuza kwenye ndoo na kuyapanga kivulini barazani, karibu na miguu yangu. Nilivuta kiti nikamsaidia. Jua lilikuwa limepanda. Kwenye jiwe la mwisho, ambalo alikuwa hajalifikia, yalikuwa yanafunguka, nayo yalikuwa mekundu.

"Nivunjie kidogo," nilimwambia. "Vunja, usikate."